Visa unayo, tiketi unayo, na bado hupandi ndege: ule mkanganyiko wa safari za wakati wa korona

Mkenya akija Tanzania hahitaji visa, Mtanzania akienda Kenya hivo hivo, na tangu tarehe 1 Julai 2010 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki ya soko la pamoja inayosema wananchi wa nchi wanachama watembeleane kwa uhuru. Sasa Agosti 2020 ungejaribu kutoka Nairobi kuja Dar na Kenya Airways. Hupati. Hakuna aliyefuta visa kwasababu visa yenyewe haikuwepo, hakuna aliyekataa pasipoti ya mtu, ila ndege hakuna. Ndo maana mtu akikwambia "serikali zilizuia visa wakati wa korona" ujue amekupa robo tu ya habari, hizo robo tatu nyingine ndo zilizowaumiza watu wengi na ndo ntakazozisema hapa.

Twende taratibu. Visa ni ruhusa ya kwenda kupiga hodi, basi. Anayekufungulia ni afisa uhamiaji pale unapofika, na sheria za karibu nchi zote zinampa mamlaka ya kukurudisha hata kama stika ya ubalozi iko kwenye pasi yako na haijaisha muda. Siku za kawaida tofauti hii huioni kwasababu ukiwa na visa kwa kawaida unaingia. Korona ilipokuja serikali zikagundua hazina haja ya kuhangaika na mamilioni ya visa zilizokwisha kutolewa, unaziacha zilivyo alafu unakataza kuingia. Visa inabaki halali, mwenye visa anabaki nyumbani.

Marekani ndo walifanya hivo mapema kabisa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza dharura tarehe 30 Januari 2020, na kesho yake tu Trump akasaini tangazo la kuzuia mgeni yeyote aliyekuwa China ndani ya siku 14 zilizopita. Angalia lilivyoandikwa, halikusema Wachina, lilisema mtu aliyekuwa China, kwahiyo Mtanzania anayesoma Guangzhou mwenye visa safi ya Marekani naye alikuwa ndani ya katazo, wakati raia wa Marekani aliyetoka Guangzhou hiyo hiyo, mwenye green card (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja), na ndugu zao wa karibu, hao walipita. Kama hoja ni kirusi basi kirusi hakijui nani ana green card. Ila hapo sio suala la ujinga wa aliyeandika, ni kwamba nchi inabanwa na sheria zake, kumzuia raia wake asirudi kwao ni kesi nzito sana kuliko kumzuia mgeni. Huo ufa ulikuwepo kwenye karibu kila katazo lililokuja baadae: linawabana watu kwa pasi zao, sio kwa hatari waliyobeba.

Na hata hapo kwa raia ufa uliwahi kuzibwa vibaya. Mei 2021 Australia iliwazuia raia wake wenyewe waliokuwa India wasirudi, na ikatishia faini kubwa au kifungo cha mpaka miaka mitano kwa atakayejaribu. Raia, jamani, tena wenye pasi ya nchi hiyo hiyo.

Turudi Marekani kidogo maana kuna kundi moja la watu wa huku lilipigwa na hakuna aliyelizungumzia sana. Tarehe 20 Machi 2020 balozi za Marekani dunia nzima zikasimamisha huduma za kawaida za visa. Hilo sio katazo, hakuna tangazo linalosema huruhusiwi, ni kwamba dirisha limefungwa na ofisa hayupo. Mwezi uliofuata likaja tangazo jingine la kusitisha visa nyingi za uhamiaji, sababu iliyotolewa sio afya tena ni ajira za Wamarekani. Sasa wale walioshinda bahati nasibu ya green card, ile ambayo kwa sheria visa zake hazizidi 55,000 kwa mwaka na ambayo vijana wa Kenya, Tanzania na hasa Kongo walikuwa wanaijaza kila Oktoba, ushindi wao una tarehe ya kufa, ukifika tarehe 30 Septemba ya mwaka wako bila visa mkononi umekwisha, hausogezwi mbele. Wengine walishauza vitu. Kesi zikafunguliwa mahakamani Washington na jaji akaamuru baadhi washughulikiwe haraka, ila wengi mwaka ukawaishia hivo hivo. Biden alikuja kulifuta lile tangazo Februari 2021 ila kwa aliyekosa Septemba haikumsaidia.

Kwahiyo tayari tuna vitu vitatu tofauti: visa, ruhusa ya kuingia, na ofisi ya kutoa visa ambayo unaweza ukaifunga tu bila kumkataza mtu chochote. Cha nne ndo kile cha Kenya Airways.

Ndege ya abiria hairuki kwenda nchi nyingine kwasababu shirika limependa, inaruka kwasababu mamlaka za anga za nchi mbili zimekubaliana na kutoa vibali. Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi 2020. Tanzania ikasimamisha za kwake Aprili, alafu tarehe 18 Mei ikafungua anga tena na kusema wageni karibuni, hakuna kukaa karantini siku 14. Kenya ikapanga kufungua tarehe 1 Agosti na ikatoa orodha ya nchi ambazo abiria wake wataruhusiwa. Tanzania haimo. Kila mtu alijua kwanini, serikali ya Magufuli ilikuwa imeacha kutoa takwimu tangu mwishoni mwa Aprili, namba ikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, sasa jirani akitaka kupima hatari yako anashika nini? Tarehe 31 Julai mamlaka ya anga ya Tanzania, TCAA, ikafuta kibali cha Kenya Airways kuanzia siku ya pili yake, na haikujificha, ilisema ni kwa msingi wa nipe nikupe. Kenya ikapanua orodha, Tanzania bado haimo. Mwishoni mwa Agosti TCAA ikayaongeza mashirika mengine ya Kenya, Fly540, Safarilink na AirKenya Express, kwenye kifungo. Katikati ya Septemba Kenya ikaiweka Tanzania kwenye orodha, na chap mashirika yote manne yakarudishiwa vibali.

Kwa maoni yangu hakuna mfano mzuri zaidi ya huu wa kuelewa makatazo ya safari. Kilianza kama swali la afya, tena swali la halali kabisa, kikaishia kwenye heshima kati ya serikali mbili, na aliyelipa ni mfanyabiashara wa Kariakoo na kampuni za utalii za Arusha ambazo wageni wao wanashukia Nairobi.

Mchezo huo huo ulijirudia na wakubwa. Aprili 2021 Uingereza ikaiweka Kenya kwenye orodha nyekundu, yaani ya nchi ambazo wanaotokea huko wanazuiwa au wanabanwa, kuanzia tarehe 9, Nairobi ikajibu kwa kusimamisha ndege za abiria kati ya nchi hizo mbili kwa wiki nne kuanzia tarehe hiyo hiyo na wanaotokea Uingereza wakae karantini siku 14. Mwisho wa mwaka huo Dubai ikazuia abiria kutoka Kenya, ishu ikiwa ni vyeti vya PCR, kile kipimo cha korona cha maabara, ambavyo mtu anaonyesha hana korona alafu akifika kule anapimwa anayo. Januari 2022 Kenya nayo ikazuia ndege za abiria kutoka Falme za Kiarabu kwa wiki. Mizigo iliachwa ipite, ni ya wakubwa hiyo.

Tanzania yenyewe ilishafungiwa kabla. Uingereza ilizuia wanaotokea Tanzania na Kongo tangu tarehe 22 Januari 2021, wiki moja baadae wakaongezwa Rwanda na Burundi. Hata Oman, ambako nusu ya Zanzibar ina mjomba au shangazi, iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi kumi ambazo wasafiri wake walizuiwa kuanzia tarehe 25 Februari 2021, baada ya waziri wa afya wa huko kusema asilimia 18 ya waliofika kutoka Tanzania walikutwa na maambukizi. Kwa kiwango hicho kusema kweli hata mimi ningefunga.

Hiyo orodha nyekundu ya Uingereza inataka dakika mbili kwasababu watu walikuwa wanaielewa vibaya. Wengi walidhani ukiwa Mtanzania au Mkenya basi huingii. Sivyo. Swali la kwanza lilikuwa: ndani ya siku 10 zilizopita umekanyaga nchi ya orodha nyekundu? La pili: wewe ni raia wa Uingereza au Ireland, au una haki ya kuishi kule? Mwenye visa ya mwanafunzi alihesabika ana haki ya kuishi, kwahiyo aliingia, ila kuanzia tarehe 15 Februari 2021 aliingia kwa kupelekwa hotelini moja kwa moja toka uwanja wa ndege na kulipa pauni 1,750 za hoteli, usafiri na vipimo, Agosti ikapanda hadi 2,285. Mwenye visa ya kutembea, mama anayekwenda kumuona mjukuu wake mji wa Reading, huyo hakuingia kabisa hata angekuwa na hela ya hoteli mara tano. Na kwasababu kipimo ni siku 10 za nyuma, sio pasi, kukawa na upenyo: unakwenda kwanza nchi ambayo sio nyekundu, unakaa siku 10, alafu unaingia London kama mtu wa kawaida. Mwenye hela alipita huko. Asiye na hela akaahirisha chuo.

Kenya ilitoka kwenye orodha Septemba 2021, Tanzania Oktoba. Ila kutoka kwenye orodha hakukumaanisha mambo yameisha, kwasababu hapo katikati lilishaingia jambo la chanjo, na hili ndo lilinikera kuliko yote.

Machi 2021 Kenya ilipokea dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, zilizotengenezwa India na kupewa jina Covishield. Dawa ni ile ile, leseni ni ya AstraZeneca, WHO imeidhinisha. Cheti cha Umoja wa Ulaya kilipoanza tarehe 1 Julai 2021, kwa ngazi ya Umoja kilitambua AstraZeneca iliyotengenezwa Ulaya kwa jina la Vaxzevria, ya India ikaachwa kila nchi iamue yenyewe. Kwahiyo mtu kachoma chanjo aliyopelekewa na mpango ambao hao hao Ulaya wameuchangia, alafu kaunta inamwambia hii hatuijui. Umoja wa Afrika na kituo chake cha kudhibiti magonjwa, Afrika CDC, walilalamika wazi. Uingereza nao wakaja na lao, chanjo wanaitambua ila cheti kilichotolewa Kenya hawakitambui, hadi wakaongeza nchi kwenye orodha Oktoba. Yaani sindano ni sawa, karatasi sio sawa.

Wakati mambo ya vyeti yapo miaka yote! Kile kikadi cha njano cha homa ya manjano unachokifahamu, kipo chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, na homa ya manjano ndo ugonjwa pekee uliotajwa mle kwa jina kwamba nchi inaweza kudai uthibitisho wa chanjo. Muundo mmoja dunia nzima, toka Julai 2016 ukichoma mara moja kinatosha maisha yote, na afisa wa Entebbe anakisoma sawa na afisa wa Brussels. Kwa korona kila mtu alitengeneza cha kwake. Kenya na nchi nyingine zikaingia kwenye mfumo wa Trusted Travel wa Afrika CDC ambapo cheti cha PCR kinapewa namba maalum ya kuhakikiwa mtandaoni, wazo zuri sana na lilipunguza vyeti feki, ila lilikuwa mfumo mmoja kati ya mingi.

Sasa nani anahakiki haya yote? Hapa watu walimlaumu mtu asiyehusika. Yule dada wa kaunta ya ndege pale uwanja wa Dar (JNIA) au wa Nairobi (JKIA) sio uhamiaji, hana mamlaka yoyote ya kiserikali, ila shirika likimpeleka abiria asiyeruhusiwa linapigwa faini na linamrudisha kwa gharama yake, kwahiyo yeye ndo anakuwa mlinzi wa mpaka wa nchi iliyoko kilomita elfu saba. Anasoma kanuni kwenye mfumo unaoitwa Timatic ambao mashirika mengi ya ndege duniani yanautumia, na mwaka 2020 na 2021 kanuni zilikuwa zinabadilika kila leo. PCR ya saa 72, ila saa 72 kabla ya nini? Nchi nyingine wanahesabu toka ulipochukuliwa sampuli hadi ndege inaruka, wengine hadi unatua, wengine toka majibu yalipotoka. Mtu ana transiti ndefu Addis au Doha, cheti kinafia njiani. Akiwa na wasiwasi yule wa kaunta anakukatalia, maana akikosea kwa kukukatalia hasara ni yako, akikosea kwa kukuruhusu hasara ni ya mwajiri wake.

Ila nimeongea ndege ndege mpaka sasa, na kwa Afrika Mashariki hadithi kubwa sio ya ndege, ni ya malori.

Nchi zilifunga mipaka kwa watu zikaacha mizigo ipite, lakini mzigo haujiendeshi. Dereva ndo akawa mtu pekee anayevuka, na kwahiyo ndo akawa anayepimwa, na kwahiyo ndo akaonekana mwenye ugonjwa. Uganda iliwahi kuwa na kipindi ambacho sehemu kubwa ya wagonjwa wapya wanaotangazwa ni madereva wa malori, na wananchi wakawachukia, kumbe ukipima kundi moja kwa nguvu lazima utalikuta na namba kubwa. Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, foleni ikafika makumi ya kilomita, watu wanalala chini ya matela siku kadhaa kusubiri majibu, hamna choo hamna maji ya kunawa, yaani hatua ya kuzuia maambukizi imewakusanya watu sehemu moja waambukizane vizuri.

Rwanda ikaja na ya kwake, dereva wa Tanzania akifika mpakani Rusumo anashuka anamkabidhi gari Mnyarwanda alimalizie safari. Ukiwa umewahi kufanya kazi na madereva unajua hilo haliwezi kwenda kimya, gari ni kazi ya mtu, ukimpa mwingine likaharibika au mafuta yakapungua nani anajibu, wakagoma. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ikafunga mipaka yake na Tanzania na Somalia isipokuwa kwa mizigo, dereva lazima apimwe, akikutwa na korona na sio Mkenya anarudi alikotoka. Pale mpakani Namanga madereva wa Tanzania wakarudishwa, mkuu wa mkoa wa Arusha wakati huo, Mrisho Gambo, akasema wamepimwa upya upande wetu hawana kitu, na wakuu wa mikoa mingine ya mpakani wakazuia malori ya Kenya. Mtu mmoja, nchi mbili, majibu mawili. Kilichokuwa kinakosekana hapo ni kitu kidogo tu, makubaliano kwamba cheti changu unakiamini na cha kwako nakiamini. Mawaziri wa uchukuzi wakakutana Namanga, baadae ndani ya mwaka huo Jumuiya ikaleta mfumo wa kwenye simu wa kumfuatilia dereva na mzigo na kubeba majibu yake ya kipimo, cheti kikawa kinadumu siku 14. Foleni zikapungua ila hazikuisha.

Swali linalobaki ni kama hayo makatazo yalisaidia chochote. Jibu la kweli halifurahishi upande wowote. Watafiti waliochunguza kufungwa kwa Wuhan, Januari 2020, walikuta ndani ya China kulichelewesha ugonjwa kwa siku tatu hadi tano tu, lakini wagonjwa waliosafirishwa nje ya nchi walipungua karibu asilimia 80 hadi katikati ya Februari. Kwahiyo katazo linanunua muda, na thamani ya muda inategemea umeufanyia nini. New Zealand ilifunga kwa wageni tarehe 19 Machi 2020, nchi ya visiwa, wagonjwa wachache, ikautumia muda huo ikamaliza maambukizi ya ndani. Nchi ambayo kirusi kishasambaa mitaani ikifunga mpaka inajifurahisha.

Na kuna namna ya kufunga ambayo inaleta hasara. Tarehe 24 Novemba 2021 Afrika Kusini iliripoti WHO aina mpya ya kirusi, ikaitwa Omicron siku mbili baadae. Kabla hata haijapewa jina Uingereza ilishatangaza kufungia nchi sita za kusini mwa Afrika, ndani ya siku chache zikafika kumi na moja pamoja na Nigeria, Marekani ikafungia nane. Hata Rwanda, ndugu zetu, ikasimamisha ndege za huko. Tarehe 15 Desemba Uingereza ikazitoa zote kumi na moja kwasababu Omicron ilishajaa London yenyewe. Rais wa Afrika Kusini, Ramaphosa, alikasirika, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akaiita ubaguzi wa safari. Sasa wewe ni waziri wa afya wa nchi fulani, maabara yako imegundua kirusi kipya leo jioni, umeona mwenzako aliyetoa taarifa haraka alifanywa nini. Utapiga simu Geneva, makao makuu ya WHO, usiku huo huo?

Kanuni zile za 2005 zina kipengele cha 43 kwa ajili hii hasa. Nchi ikizuia watu kuingia au ikiwachelewesha zaidi ya saa 24 kupita kile WHO inachoshauri, inatakiwa itoe taarifa ndani ya saa 48 pamoja na sababu za kiafya zenye ushahidi. Nchi 196 zilikuwa ndani ya kanuni hizo wakati wa korona. Adhabu ya kuzivunja: hakuna. WHO inaweza kukuomba ufikirie upya, ikimaliza kukuomba imemaliza.

Kanuni zilifanyiwa marekebisho tarehe 1 Juni 2024, na tarehe 20 Mei 2025 ukapitishwa mkataba wa magonjwa ya mlipuko, ambao mitandaoni ulisingiziwa sana kwamba unaipa WHO nguvu ya kufunga nchi za watu. Mkataba wenyewe unasema kinyume, kwamba hakuna chochote ndani yake kinachoipa WHO mamlaka ya kuiamuru nchi izuie au ipokee wasafiri, au ilazimishe chanjo. Marekani ikayakataa hata hayo marekebisho ya kanuni Julai 2025. Kwahiyo ukija mlipuko mwingine, orodha ya nani anaingia na nani haingii itatoka wizarani kama ilivyotoka 2020, kila nchi na ya kwake, na dada wa kaunta ataisoma kwenye skrini wewe ukiwa umeshapima mzigo.